Mita Sita na Arobaini

Jumatano, 12 Februari 1997

Daftari hili lilikuwa la jiografia. Kurasa za mbele zina mito na milima. Nimezibana kwa uzi ili nisizione. Shule niliiacha Desemba, Mjomba Mohamadi aliposema minervali, ile ada ya shule, haipatikani na njia haina usalama. Tangu hapo nashinda kwenye ateliye yake ya useremala hapa Buyenzi, nyuma ya nyumba anayotuweka mimi na Mama. Nafagia maranda, napanga misumari, na vipande vinavyobaki nawatengenezea watoto wa jirani viti vidogo vya kuchezea.

Leo ameingia Madame Dorothée. Nilimtambua kwa viatu kabla sijainua uso.

“Amahoro, Mohamadi. Na huyu ni Saliha? Umekuwa mukubwa, ata singekujua.”

Nikatazama ufagio. Akatoa ukurasa wa gazeti la Kifaransa wenye picha ya nyumba ya mwanasesere, upande mmoja wazi, vyumba vyote vinaonekana.

“Orlane wangu anatimiza myaka nane tarehe makumi mbili na sita mwezi wa ine. Nataka kitu kama hii. Apana nyumba ya majani. Maison moderne, na cuisine ndani, si jiko la inje, na salle de bain. Nasikia we ndo unatengeneza vile viti.”

Mjomba alikuwa anaangalia randa yake, si yeye. Akasema, “Ataitengeneza.”

Huyo mwanamke analala katika nyumba yetu. Baba aliijenga Mutanga Nord mwaka 1989, kila fremu kwa mkono wake. Juni 1995 Baba aliuawa kwenye njia ya Rumonge pamoja na abiria wote wa basi alilopanda. Mjane anatakiwa kukaa eda katika nyumba ya mumewe, lakini siku ya tatu ya matanga risasi za vita zilishuka kutoka milimani na moja ikatoboa pipa la maji, kwa hiyo Mjomba akatuleta huku. Ufunguo tulimwachia jirani, Dorothée, atumwagilie maua. Mama alikaa chumba cha nyuma miezi minne na siku kumi, bila kutoka, bila kuonana na wageni. Alipomaliza alioga, akavaa, akasema, “Sasa twende kwetu.” Mjomba akasema hakuna kwetu tena. Dorothée ameingia mle. Ana kaka yake mwanajeshi. “Mukienda kuuliza, mutaulizwa nyinyi.”

Tukanyamaza. Mwaka na nusu sasa. Na leo anakuja kuniagiza nyumba ya kuchezea, kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate.

Nitamtengenezea. Nitamtengenezea ile ile.


Ijumaa, 14 Februari

Nimewaza siku mbili. Siku ya sherehe watakuwepo wageni, majirani wa zamani wa Mutanga, wanaomkumbuka Baba. Watainama wachungulie, waone veranda yetu, jiko letu, mlango wetu wa nyuma wenye hatua tatu. Mimi sijui kusema mbele ya watu. Shuleni mwalimu akiniuliza niliomba chaki nikaandika jibu ubaoni. Hii nayo itakuwa chaki yangu.


Jumatatu, 17 Februari

Nimeanza. Kwa ajili ya ambargo, vikwazo vya nchi jirani, hakuna triplai mjini, basi natumia masanduku ya majani ya chai. Mashine ya kupiga randa inazilainisha mbao zake hadi unene wa kidole cha mtoto. Mashine hiyo ndiyo fahari ya Mjomba. Karibu ateliye zote za Buyenzi zinapiga randa kwa mkono.

Kipimo: sentimita tano kwa kila mita moja. Nimekiandika kwa chaki kwenye ukingo wa meza nisisahau. Napima kwa mita ya Baba, ile ya mbao ya kukunja, kitu pekee chake kilichokuwa mfukoni mwa Mama siku tulipokimbia. Baba alikuwa na neno lake: fundi akiona kipimo kibaya hanyamazi, hata kama ni cha adui yake. Aliwahi kumrudia mteja aliyemtukana, kwa miguu hadi Kanyosha, kumwambia kwamba ngazi aliyojengewa na fundi mwingine itamwangusha.

Gélase, fundi anayefanya kazi na Mjomba, amechungulia michoro yangu. “Mademoiselle ingénieur. Ukimaliza hiyo nitahamia ndani. Mi ni mufupi.”


Alhamisi, 20 Februari

Mvua tangu asubuhi. Gundi haikauki.


Jumatatu, 24 Februari

Leo nimepata ubao wa kitako cha nyumba. Ulikuwa umetupwa nyuma ya choo kwa sababu una bungua, wadudu wa mbao. Ukiuweka sikioni unasikia wanavyotafuna, kr, kr, kr. Nimeupaka gundi na unga wa mbao hadi matundu yote yamezibika, na juu nitaweka rangi. Dorothée ataupeleka mwenyewe kwa mikono yake hadi chumbani. Bungua hawana haraka. Mwaka huu watakula kitako, mwaka ujao watatoka usiku watafute mbao nyingine, na juu ya kichwa chake kuna mbao nyingi.

Nimecheka peke yangu. Mama ameuliza nacheka nini. Nimesema Gélase.


Jumatatu, 3 Machi

Madirisha. Kioo hakikatiki kidogo hivyo. Nimekumbuka ile bahasha ya kahawia yenye vyeti vyangu vya shule: ndani mna picha ya hospitali ya Baba, ya mifupa, tangu alipoanguka kutoka paa la nyumba yenyewe akavunja mtulinga. Sehemu kubwa niliiloweka ndani ya maji ya javeli, dawa ya kung'arisha nguo, weusi ukatoka wote, ikabaki plastiki safi kama kioo. Nimekata madirisha saba. La nane, la chumba chake na Mama, sikuliosha. Likishikwa kwenye mwanga linaonyesha kipande cha mfupa, cheupe, na mahali ulipovunjika.

Mama ameliona. Ameomba nimwachie kipande kilichobaki.


Jumamosi, 8 Machi

Umeme umekatika, mashine imelala. Nimeshona magodoro kwa mabaki ya kitenge. Kuna milio ya bunduki upande wa Carama.


Jumanne, 11 Machi

Dorothée amepita kutazama. Ameleta bitumbura, maandazi ya huku, moto ndani ya karatasi, ameviweka mbele yangu. “Kula, we unakonda.” Sinki la jiko nimelitengeneza kwa kifuniko cha chupa nilichokigonga kikawa mraba, na bomba lake ni waya wa shaba. Amelishika kwa ncha za vidole akacheka kama msichana. Anauliza hiki nini, hiki nini. Hajaitambua nyumba bado kwa sababu kuta zimelala mezani.

Alipotoka nikampa Gélase bitumbura vyote.

“We uli?”

“Sina njaa.”

Akatafuna kimoja, akafumba macho, akangoja. “Kama ni sumu, inakosa chumvi kidogo.”

Nachukia kwamba ana mikono mizuri. Nachukia kwamba aliniangalia nywele akaniambia zimekua. Mtu anayekula nyumba ya yatima angepaswa kuwa na harufu.


Ijumaa, 14 Machi

Kabati la jikoni: viberiti vinne. Kioo cha bafuni: karatasi ya fedha ya sigara. Kitanda cha Mama kimekamilika.

Mjomba amesimama muda mrefu juu ya mchoro wangu. “Hii umeitoa mu gazeti?”

“Kichwani, Mjomba.”

Akaondoka. Ni mwoga, lakini ni mwema. Angeweza kutuacha tulale nje. Leo jioni nimempigia pasi kanzu bila kuombwa.


Jumatano, 19 Machi

Kuta hazikutani. Nimezipanga mara nne. Korido inayokwenda vyumbani inazidi nyumba yenyewe, inatokeza nje ya ukuta wa nyuma kama ulimi. Hesabu ni sahihi, na bado kuna kosa. Korido ina hatua kumi na nne, nakumbuka vizuri, nilikuwa nazihesabu na Baba siku alipoweka saruji.


Ijumaa, 21 Machi

Mvua ya mawe.


Jumatatu, 24 Machi

Nimelielewa kosa. Hatua zile kumi na nne zilikuwa za mtoto wa miaka tisa. Nimekuwa nikizipima kwa mguu nilio nao leo. Sasa hatua ya mtoto ni ngapi? Nimemwita binti wa jirani atembee uani nikampima, lakini yeye ni mrefu, na mimi nilikuwa mfupi. Naweza kubahatisha. Sitaki kubahatisha. Nyumba ikiwa ya uongo hata kwa mita moja, Dorothée atasema si hii anayokaa.


Alhamisi, 27 Machi

Nitaandika polepole.

Mchana mvua ilipiga bati hadi tukawa hatusikilizani, kisha ikakoma ghafla. Gélase alikuwa ametoka kwenda kununua misumari. Mjomba ananoa patasi. Mimi nilikuwa nimeweka tena kuta mezani, korido ikitokeza. Mjomba akaja nyuma yangu, nikasikia anapumua.

“Korido hiyo umeipa ngapi?”

“Arobaini na mbili, Mjomba.”

“Ni mingi. Weka makumi tatu na mbili. Ni mita sita na arobaini ile. Na mulango wa cuisine uufungulie ndani. Ukiufungulia inje utagonga grille ya dirisha.”

Akarudi kwenye jiwe lake. Patasi ikalia mara tatu, nne. Halafu ikanyamaza.

Sikugeuka. Nilichukua penseli nikapima thelathini na mbili, nikakata. Kuta zote zikakutana, kila pembe, kama mtu aliyefunga kinywa.

“Ndiyo, Mjomba,” nikasema.

Nimekaa na haya tangu saa tisa. Mjomba hakujenga nyumba ile. Mwaka 1989 yeye na Baba walikuwa hawasemezani, na baadaye alikuja kama mgeni, akakaa salon, akanywa chai. Mgeni anaweza kujua korido ni ndefu au fupi. Hajui sentimita zake. Sentimita zinajulikana na aliyeweka mita chini.

Na dirisha letu la jiko halikuwa na grille, vyuma vya kuzuia wezi. Lilikuwa na vioo vya kupandishwa tu, Mama alikuwa akinipitishia sahani hapo. Grille imewekwa baada yetu. Mjomba anasema tangu matanga hajakanyaga Mutanga.

Alikuwa anaweza kunyamaza. Angeniacha nikosee, nyumba ikatoka kombo, na nisingejua lolote mpaka kufa. Lakini ni fundi.


Ijumaa, 28 Machi

Nimemuuliza Gélase mashine ilikuja lini.

“Mwezi wa kumi na moja, tisini na tano. Tuliibeba watu sita, mi nilikuwa upande wa muzito, kama kawaida.”

Eda ya Mama iliisha Oktoba.


Jumamosi, 29 Machi

Kanzu ile niliyoipiga pasi nimeiona kwenye kamba. Nimeipita.


Jumanne, 8 Aprili

Nilimwambia Mjomba nakwenda Buyenzi ya juu kununua rangi. Nilikwenda Mutanga Nord. Sababu niliyoitayarisha ni kupima meza ambayo nyumba itawekwa juu yake.

Maua ya Mama yapo. Yamekatwa vizuri. Nilitamani yawe yamekauka.

Dorothée alinifungulia akiwa na kitambaa begani. “Karibu, Saliha. Ingia, ingia, viatu acha tu, kuna tope.” Niliingia kwetu kwa kukaribishwa. Nikavuka salon nikafika kwenye korido, nikapiga magoti, nikafungua mita ya Baba kunjo moja moja nikailaza ukutani. Mara moja, mbili, tatu, na kipande. Mita sita na sentimita arobaini. Nikaenda jikoni. Grille ipo, ya chuma, imepakwa kijani.

Yeye alisimama ananitazama. “Meza iko mu chumba cha Orlane,” akasema. “Hapa unapima nini?”

Nilitaka kusema hotuba niliyoiandaa miezi miwili. Yalitoka maneno matatu. “Nyumba ya baba.”

Akakaa kwenye kiti. “Mohamadi aliniomba nisitaje nyumba mbele yako. Alisema ukiisikia unaugua.”

“Uliingia bila ruhusa.”

“Mi niliingia?” Hakupandisha sauti. Akaenda chumbani akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya mauzo, kwa Kifaransa, ya tarehe 5 Septemba 1995, na nyuma yake mchoro wa nyumba na vipimo vyote. Vipimo vimeandikwa na Mjomba. Najua saba zake, anazikata katikati mara mbili. Korido: 6,40. Chini kuna jina lake, na chini ya jina lake kuna sahihi ya Mama, Adija, kwa herufi zake za madrasa zilizolala upande.

Mama hajui Kifaransa. Mimi ndiye ninayemsomea. Septemba saa za mchana nilikuwa shule.

“Nilimuuliza, mwenye nyumba amekubali? Akaniletea hiyo sahihi. Nikasema nimuone mama yako. Akasema yuko kwenye eda, haonekani na watu, nikija nitamharibia. Nikasema sawa, ni desturi yenu, mi nitaiheshimu. Grille niliagiza kupitia kwake, alikuja kuipima yeye mwenyewe.”

“Na kaka yako mwanajeshi?”

“Kaka yangu alikufa na malaria, tisini na moja. Nani alikuambia ni mwanajeshi?”

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye bati. Halafu akasema jambo ambalo hakulazimika kulisema: “Eda inaisha. Ningengoja mwezi mumoja na nusu nimuulize mama yako. Bei ilikuwa chini, nikaogopa mwingine ataichukua. Sikungoja.”

Nilimwomba kopi ya karatasi. Akachukua mwavuli tukaenda pamoja kwenye duka la fotokopi. Aliponipa alinishika bega, nami nikaliondoa bega.

Nilidhani nikijua ukweli chuki ingehama yote kutoka kwake ikaenda kwa mwingine. Imeongezeka tu.


Jumatano, 9 Aprili

Nimeng'oa kitako chenye bungua. Jana nilitazama juu nikaona mbao za paa, zile ambazo Baba alianguka kutoka juu yake. Si za Dorothée hizo. Kitako kipya ni cha libuyu, mbao ngumu, kipande kizima.

Mama sijamwambia. Nikimwambia atalia, akilia Mjomba atajua, akijua atatayarisha maneno. Yeye ana maneno mengi kuliko mimi.


Jumapili, 13 Aprili

Mjomba anasema siku ya Idi watakula hapa Mzee Anouar na wazee wa msikiti. Ananiagiza nifagie ateliye na kutandika mikeka. Nimesema ndiyo, Mjomba. Nasema ndiyo mara nyingi siku hizi. Nimeona kwamba ukisema ndiyo hakuna anayekutazama mikono.


Alhamisi, 17 Aprili

Nyumba imekwisha. Nimeweka maua ya Mama mbele ya veranda, kwa uzi wa kijani. Kopi ya karatasi nimeikunja mara nne nimeitia ndani ya korido. Imeenea.


Ijumaa, 18 Aprili. Idi

Ule ubao wenye bungua tumepikia nyama ya Idi. Umewaka vizuri.

Wazee walikuja baada ya sala ya Ijumaa, watu watano. Mjomba alikuwa na kanzu nyeupe na kicheko. Mzee Anouar alikuwa karani bandarini miaka thelathini, anasoma Kifaransa na Kiarabu, na hakuna talaka wala urithi Buyenzi usiopita mbele yake. Walikaa mikekani, mashine nyuma yao imefunikwa shuka kama mgeni mwingine. Mama na mimi tulileta sinia.

Sinia ilipowekwa nilirudi, nikaibeba nyumba kwa mikono yote miwili, nikaiweka katikati ya mkeka.

“Peleka kwa batoto,” Mjomba akasema, bado anacheka.

Sikuipeleka. Wazee walikwisha inama. Mmoja akasema mashallah, akagusa sinki. Mwingine akasema, “Lakini hii si ya marehemu Hamimu, baba yake Saliha, ile ya Mutanga? Nilikula hapa arusi ya mudogo wake.” Mama alikuwa mlangoni na jagi la maji.

Nilimpa Mzee Anouar mita ya Baba. “Babu, naomba upime korido.”

“Mi nipime? We ndo fundi.”

“Naomba.”

Akapiga magoti, mzee wa watu, akaingiza mita. “Makumi tatu na mbili.”

“Kila sentimita tano ni mita moja.”

Karani hasahau hesabu. “Sita na arobaini.”

Nikageuka. Ni mara yangu ya kwanza kumtazama Mjomba usoni mbele ya watu. “Nilikuwa nimesahau kipimo hicho. Mjomba ndiye aliyenipa. Mjomba, we ulikipima lini?”

Alifungua kinywa. Nilimwona anatafuta, na nilimwona anakosa. Mzee Anouar wakati huo alikuwa amekwisha vuta karatasi kutoka korido kwa vidole viwili. Aliisoma yote, mbele na nyuma, bila kusogeza midomo. Kisha akaisoma tena kwa sauti, kwa Kiswahili, polepole, ili Mama asikie. Alipofika kwenye tarehe akasimama. “Tano Septemba. Adija alikuwa ndani ya eda.”

Mama akasema kutoka mlangoni, “Alinipitishia chini ya pazia. Alisema ni ya minervali ya Saliha.”

Hakuna aliyegusa nyama.

“Nimebalisha myaka mbili,” Mjomba akasema. “Nani alibalisha? Nani aliwapa chumba?”

“Umewalisha chakula chao,” Mzee Anouar akasema. Akatazama mashine, wote wakageuka kuitazama. “Na ile, uliinunua na nini?”

Nilingoja furaha ije, na ilikuja. Sitaandika uongo humu. Ilikuja kali, hadi masikioni, nikaitaka zaidi.

Wazee walikaa hadi alasiri. Nyumba, wamesema, ni jambo la mahakama, na mahakama wakati huu Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, wataandika barua. Lakini mashine ni ya Adija tangu leo. Mohamadi ataitumia kwa idhini yake, na akikatazwa hataitumia.

Walipoondoka Mama alianza kukusanya sahani zilizojaa. Nilidhani atanikumbatia. Akasema, “Ungeniambia mimi kwanza. Umenipa mashine, umeniondolea ndugu.”

“Aliondoka mwenyewe, Mama. Septemba.”

Alifunga mlango mdogo wa nyumba kwa ncha ya kidole, akabeba sinia.


Jumapili, 20 Aprili

Mjomba amekuja asubuhi kwenye mlango wa ateliye, mlango wake mwenyewe. “Naweza kupiga randa?” Mama alikuwa sokoni. Nilimwambia angoje nimalize. Sikuwa na kitu cha kumaliza. Nilifagia mahali palipofagiwa.


Jumamosi, 26 Aprili

Nimepeleka nyumba Mutanga. Gélase ameibeba kichwani. Kulikuwa na watoto kumi na keki ndogo, kwa sababu sukari haipatikani. Orlane hana jino la mbele. Alilala kifudifudi akachungulia chumba kimoja baada ya kingine. “Maman, iko na hatua tatu kama yetu. Iko na kila kitu kama yetu.” Wageni wakasogea, majirani wale wa zamani, na nikaona nyuso zikitoka kwenye nyumba ndogo zikielekea kwa Dorothée. Kama nilivyotaka Februari.

Orlane akagusa dirisha la nane. “Hii nyeupe ni nini?”

“Mfupa wa baba yangu,” nikasema. Sauti ilitoka bila kuombwa. “Alianguka kutoka paa hili wakati analijenga.” Nikaonyesha juu. Watu wote wakatazama juu.

Dorothée aliendelea kukata keki. Vipande havikutoka sawa. Alinipa cha kwanza, kabla ya mtoto wake, na mara hii nilikula, nikimtazama, hadi kikaisha.


Jumatano, 30 Aprili

“Naweza kupiga randa?” Ngoja.


Jumamosi, 3 Mei

“Naweza kupiga randa?” Mama amesema mwache. Nimesema angoje kidogo.


Jumamosi, 10 Mei

Mvua zimekwisha, nadhani. Vumbi limeanza kuonekana kwenye mwanga.

Mzee Anouar ameagiza mlango wa msikiti, na amemwagiza Mjomba, ili asimwache mtu bila kazi. Mbao ni libuyu iliyovushwa kutoka Kongo, mbao moja ndefu ambayo haitapatikana nyingine ambargo ikiendelea. Mjomba aliazima mita ya Baba. Siku hizi mikono yake si ile. Aliilaza juu ya mbao akapiga alama, akachukua msumeno.

Nilikuwa upande wa pili wa meza. Kunjo la mwisho la mita lilikuwa halijafunguka. Limelala chini ya lile la kabla yake, sentimita ishirini nzima, na yeye amepima kana kwamba limefunguka. Mlango utakuwa mfupi kwa shibiri moja, na mbao haiungwi.

Aliweka msumeno kwenye alama. Akaniangalia, kama mtu anayeuliza.

Mwezi wa tatu, yeye aliona kosa langu akashindwa kunyamaza, na kulisema kumemgharimu kila kitu. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama pale. Nilijua pia neno la Baba, lote, hadi mwisho wake.

Niliinama nikaokota maranda. Nilisikia msumeno unaanza, na niliusikiliza hadi mbao ilipoanguka.